Mkoba wa Pembetatu

Neža kaipanga mikoba mitano juu ya kaunta,
kasimama nyuma yake, mikono kiunoni,
kama mama anayengoja mtoto akiri.
"Mzee Ludvik, unataka kubeba nini?"

Swali dogo. Likanikwama kooni.

Miaka thelathini na mmoja katika bonde hili la Tolmin
hakuna aliyepata kuniuliza.
Posta ilijaza, mimi nikabeba:
bili za umeme, mialiko ya harusi,
mbegu za karoti, hati za mahakama,
viatu vilivyokataliwa vikirudi vilikotoka,
na siku moja vifaranga, wazima,
wakilia ndani ya boksi mlima mzima.
Ati mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Aliyesema hivyo hajapanda Čadrg mwezi wa Februari.

Nimekuja na kadibodi.
Nimeikata jana usiku kwenye boksi la unga wa mahindi,
umbo la ule uwazi kati ya vyuma vya fremu.
Ivanka aliitazama, akauliza
ni nani ninayemshonea kaptula.

Neža anapima, ananung'unika.
Huu unajaza uwazi wote;
chupa ya maji ikalale wapi?
Huu mnene: goti litausugua kila pedali ikizunguka,
shwa, shwa, shwa,
hadi uisikie sauti hiyo usingizini.
Huu zipu yake ina meno ya mtoto,
tope la Novemba litayang'oa.
Huu mikanda yake inanata sawasawa, ila inakwangua rangi,
na rangi ile ya kijani niliipaka mwenyewe,
mara tatu, kwa brashi ya kuazima.

Ukabaki mmoja, mweusi, mdogo kama kipande cha mkate,
unaojibana chini ya mtalimbo, kule mbele,
kama paka aliyekimbia mvua.
Nikacheka.
Neža hakucheka. "Weka vitu vyako," akasema.

Vyangu.

Nikavitoa mfukoni kimoja kimoja:
tyubu, imekunjwa ikafungwa kwa mpira wa ofisini;
viraka, na gundi
(akaibonyeza, imekauka, akaitupa, akanipa nyingine);
vile vijiti viwili vya kubandulia tairi;
spana ya kukunja;
pampu fupi kama kidole cha fundi;
vidonge vya presha;
ufunguo wa nyumba;
euro mbili za kahawa, maana Kobarid haikopeshi.
Zipu ikaenda, ikaguna, ikafika.

Basi? Mtu wa miaka sitini na minne
anaenea ndani ya viganja viwili?
Nilidhani nitaumia.
Nikaunyanyua kwa kidole kimoja
na bega langu la kushoto, lile lililoinama kwa mkanda wa posta,
likanyanyuka pia, bila kuambiwa.

Kisha mkono, kwa mazoea yake,
ukaingia mfuko wa koti
ukatoka na biskuti ya mbwa.

Ni ya Riko, wa kwa Terezija, lango la mwisho.
Miaka tisa nimemlipa ushuru huo
asinitafune mashavu ya miguu.
Siku hizi barua huletwa na kijana, kwa gari, dirisha limefungwa.
Kwamba nimestaafu, kijiji kizima kinajua.
Riko hakuna aliyemwandikia.

Nikaisukumiza kati ya pampu na vidonge.
Zipu ikakataa.
Neža akageuka, akaanza kufuta kengele
ambazo hazikuwa na vumbi.

Spana? Barabara ile ni kokoto tupu, skrubu hulegea.
Pampu? Nina akili zangu bado.
Vidonge? Ivanka angeniua kabla ya presha.

Nikaivunja biskuti katikati.
Riko naye kazeeka,
meno yake yenyewe yamebaki nusu.
Zipu ikapita, kwa shida, kama mtu mnene
anayepita kati ya viti vya kanisani.

Nikalipa. Nusu ya pili nikaiacha kaunta.
Neža akaishika, akaigeuzageuza. "Hii ni ya nini?"

"Chenji," nikasema,
nikatoka kwenda kuifunga mikanda.