Barabara ya Mipingo

Barua imemfikia Bi Somoe Chinguwile, mwalimu wa jiografia:
mkutano wa wataalamu wa mifupa hauji Lindi.
Kura kumi na moja Berlin,
nne kwetu.
Hoteli haba, wameandika. Viza tutafute wenyewe.
Na barabara ya Mipingo, mwezi Machi,
haipitiki.

Tulishapaka chokaa ukumbi wa halmashauri.
Choo kipya kina mpaka komeo.

Mwalimu ameikunja barua mara nne,
akaichomeka chini ya mguu wa meza unaochezacheza.

Babu wa bibi yangu alibeba paja la yule mjusi
toka Tendaguru, siku nne, bega likichubuka,
hadi bandarini.
Mvua ilinyesha mwaka ule pia.
Barabara
hakuna aliyeiulizia.