Kichwa Kipya, Mpini wa Zamani

Uliniponyoka Jumanne, saa mbili na robo asubuhi,
povu likiwa bado vidoleni.
Ukagonga ukingo wa sinki, ukagonga kigae,
ukajificha nyuma ya choo kama mwenye kesi.
Nilipouvuta, mlango mmoja wa kichwa chake umepinda,
wa pili haupo.

Bwana Tindall haoni. Nuru ilimwaga kidogo kidogo,
akabaki na masikio.
"Nini hicho?" Shavu moja jeupe kwa povu,
jingine tayari.
"Kopo la sabuni," nikasema.
Nikammalizia kwa kiwembe cha plastiki, kile cha kutupa,
naye akatulia kama mtu aliyepakuliwa kiporo
asitake kumwaibisha mpishi.

Nikauficha ndani ya soksi safi, ndani ya mkoba,
kati ya glavu na tiketi za basi.
Walkley yote ni mteremko;
basi la kwenda mjini lilishuka likipiga kelele za breki,
na mimi moyoni: mtoto akililia wembe mpe,
na mzee je, akililia wake uliouvunja?

Fundi Oldroyd wa Attercliffe aliuweka chini ya taa,
akavaa miwani juu ya miwani.
Akazungusha kitasa cha chini ya mpini.
Zamani milango ingefunguka juu
kama kumbikumbi anayetaka kuruka.
Sasa, mkwaruzo tu.
"Shaba hii," alisema, "nikeli imeliwa na vidole.
Mpini mzima. Marehemu ni kichwa."
Kuchomelea? Hapana, bati jembamba, moto utalikunja.
Kutengeneza upya? Akataja bei
ambayo ingenunua nyembe tatu kama huu na chenji ya chai.
"Tafuta mwenzake aliyevunjika kwingine.
Huyu ana mpini, yule awe na kichwa. Niletee wote wawili."

Jumapili nikainama juu ya sanduku la mtumba,
vijiko, medali, funguo za milango iliyokwisha kubomolewa.
Chini kabisa, huo. Kichwa kinang'aa,
mpini una ufa kama kisigino cha kiangazi.
Muuzaji alitaka pauni sita.
Nikamwonyesha ufa. Akauona kwa mara ya kwanza, au akajifanya.
Nne.

Oldroyd alitumia pini nyembamba kuliko unywele
na tone moja la mafuta.
Akazungusha kitasa: milango ikapanda, ikashuka.
Hakuna aliyepiga makofi, lakini nilitaka.

Alhamisi. Maji ya moto, brashi, povu.
Wanasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji;
mimi sina ndevu,
ila nililowa, shingo mpaka mgongo.
Nikapitisha mara moja, toka sikio hadi taya.

Akainua kidole.
"Huu si wangu."
Maji yakadondoka kwenye sinki. Niliyahesabu.
"Wangu ulikuwa unakwaruza,
kama mtu anayepiga mswaki chumba cha pili.
Huu unanong'ona."

Nikaungama yote: kigae, soksi, Attercliffe, pauni nne.
"Lakini mpini," nikasema, "mpini ni ule ule,
nimehakikisha mpini umebaki."

Kidevu kikaanza kumtetemeka, nikadhani analia.
"Mpini ni wa Cyril," akasema, "shemeji yangu.
Wangu niliubana kwenye jiriwa, mwaka wa sabini na nne,
nikiwa nimelewa. Cyril alikuwa ananidai.
Hapana. Mimi ndiye niliyemdai. Nikachukua wake.
Kichwa tu ndicho kilikuwa changu."

Kwa hiyo niliponya cha Cyril,
na chake nimekiacha kwenye kopo la skrubu
kwa mtu anayevaa miwani miwili.

Jina langu ni Mwanahawa.
Yeye alilinyoa upande mmoja tangu siku ya kwanza.
"Endelea, Hawa," akasema, akigeuza shavu la pili,
"povu linakauka."