Saa Kumi na Moja Meli Inaondoka

Karibuni Saint John.
Mimi ndiye mwenye koti la buluu na ramani za bure;
yule wa basi jekundu anauza.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
nyinyi mna saa tisa tu,
kwa hiyo jembe mmeliponea. Sikilizeni.

Kwanza viatu. Mtaa wa King umeinama kama paa.
Halafu jaketi, msidanganywe na hili jua.
Ukungu wa hapa haubishi hodi,
huingia, hukaa, kisha ndipo unapouona.

Sokoni fikeni kabla ya saa sita.
Mkiwa katikati inueni macho:
dari ni tumbo la merikebu iliyopinduliwa,
mbavu zote nje. Waliolijenga, nasikia, walizoea meli tu.
Kuna mwani mwekundu mkavu, umo kwenye mifuko ya karatasi,
watu wa hapa huutafuna kama karanga.
Onjeni. Mama Thibodeau wa pale mwisho
humcheka kila anayekunja uso.
Mwaka wangu wa kwanza alinicheka mimi;
huu wa saba, bado naukunja, bado nanunua.

Sasa mto.
Kila mtu huniuliza maporomoko yanayorudi nyuma yako wapi,
na kila mtu huenda mara moja, hupiga picha ya povu,
hurudi akisema, "Ndiyo hayo tu?"
Ndiyo hayo tu, bibi, kama umeenda mara moja.
Nendeni maji yakipwa, muone mto ukikimbilia baharini.
Kanyweni kahawa, kaandikeni postikadi,
rudini maji yakijaa:
bahari imeusukuma mto kifuani
nao unapanda kuelekea ulikotoka.
Kati ya hapo, dakika ishirini hivi, hakuna anayeshinda.

Nyanya yangu, wa Uvira, ziwani, ambako maji hayajui kupwa,
alizoea kusema maji hufuata mkondo.
Nilimpigia simu nikamweleza habari za mto huu.
Alinyamaza, kisha akauliza
kama huku ninakula vizuri.

(Kuna kiwanda cha karatasi palepale darajani.
Kinanuka. Kwenye ramani hakimo.)

Wameshapita wote, elfu mbili na ushei,
wenye fimbo, wenye kofia, wenye kugombana kuhusu choo.
Saa nane kasoro anashuka mtu asiye na kamera,
suruali nyeupe ya kazi, jaketi la kuazima,
ananiuliza, kwa Kiingereza cha melini, waifai iko wapi.
Kifuani kibao: Mghanga.
Namuuliza kwa Kiswahili, "Wa wapi wewe?"
Anashika reli. "Voi," anasema.
Kisha tena, polepole, kama mtu anayehesabu chenji:
"Voi."

Anaosha sahani. Ana dakika hamsini.
Nina ramani mia mkononi
na hakuna hata moja inayomfaa.

Kwako, ndugu, ushauri ni mwingine.
Usipande kilima. Soko liache, mto uache.
Maktaba ni hapo, vuka barabara,
kiti cha dirishani kina soketi
na Bi Arsenault hatakudai kadi.
Huku saa nane mchana, kwenu saa mbili usiku;
ukikaza mwendo utamkuta binti hajalala.
Mji huu hautakimbia. Usiutazame.

Alirudi zikiwa zimebaki dakika nne.
Ngazi ya meli ilikuwa imebadilika mwinuko:
maji yamejaa, chuma chote kile kimepanda
kiasi cha urefu wa mtu.
"Kang'oka jino," akaniambia. "Kanionyesha pengo."
Akaweka kidole kwenye jino lake mwenyewe
nisije nikakosea ni lipi.

Nikampa mwani uliosalia mfukoni.
Akatafuna, akakunja uso,
akaniomba mwingine wa kupeleka jikoni.