Msoma Mita

Kazi yangu ni kusoma mita za maji,
Njoro, Pasua, Majengo, hadi kona ya Kiborloni.
Nainama, nafuta tope kwa kidole,
naandika tarakimu, naondoka kabla mbwa hajaamka.
Maji ya Moshi ni matamu, yanashuka toka mlimani
baridi kama kisu.
Ninayoyabeba mimi ni ya chumvi:
mililita mia tatu na ishirini kulia,
mia tatu na ishirini kushoto.
Hayana mita. Miaka kumi na miwili
sikuletewa ankara, ila mwezi huu wa saba.

Mwezi wa saba baridi ya hapa haina kelele.
Sweta mbili, blanketi, na bado asubuhi
kifua changu kinachelewa kuamka,
bakuli mbili zilizolala nje.
Sijalala kifudifudi tangu Aikande yuko darasa la pili.
Sasa amenizidi kimo, na akinikumbatia
hunikumbatia kwa ubavu,
kama anayepita mlangoni na godoro.

Hakuna mwanamume aliyeniomba.
Ningekuwa na wa kumlaumu, ningelala vizuri.
Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimenyonyesha wawili,
kwenye kioo cha kabati naona soksi mbili juu ya kamba.
Nikaenda kwenye kikoba. Wakauliza, mkopo wa nini?
Nikasema, bati za jiko.
Nikapanda basi la alfajiri, nikavuka Namanga,
nikarudi nimenyooka kama askari wa gwaride,
nikawaambia watu nimeteguka bega.
Miaka miwili, sikatai, niliyafurahia.
Nilishona gauni la bluu, nikalivaa
mpaka likachanika kwapani.
Jiko linavuja hadi leo.

Daktari Kiwelu alichora nyuma ya risiti:
duara, na ndani yake duara.
"Njia ya kwanza, sindano. Natoa maji, robo saa,
unarudi kwako kwa miguu. Mfuko unabaki ndani, mtupu.
Ngozi inapumzika, tunaona kilichosalia.
Njia ya pili, kisu. Natoa maji, mfuko,
na ganda ambalo mwili umelijenga kuuzunguka."

Ganda. Sikujua kama nimejenga.
Miaka yote hiyo, bila kuniambia,
mwili ulimzungushia mgeni ukuta
kama jirani asiyetaka ugomvi.

"Kafikiri," akasema. "Wiki mbili."

Nimefikiri nikiwa nimeinama, mita baada ya mita.
Sindano ni nafuu, kwa malaki.
Dada yangu Ndeshi anasema, toa upepo tu,
nani atakufunua?
Na kisu nakiogopa. Naogopa kuzinduka
nisiyakute hata yale matiti ya zamani,
nikute pungufu ya zamani.
Usiku mmoja bafuni niliyabana kwa viganja
yawe bapa, nione.
Hayakukubali. Maji hayabanwi.

Jana, Pasua, nyumba ya kina Tesha.
Walihama mwaka juzi. Kufuli lina kutu, migomba imelala.
Mita bado iko ukutani. Nikafuta kioo.
Mshale haujatikisika. Nikaandika sifuri
kama mwezi uliopita, na ule wa kabla yake,
nikijua ofisini watapiga ankara ya huduma vilevile,
maana mita ikiwepo, hata kavu, inadaiwa.
Nikakaa kwenye ngazi yao, daftari magotini,
hadi jua likanifikia miguuni.

Sitaki sifuri inayodaiwa.

Kikoba tunakutana Alhamisi, nyuma ya mashine ya kusaga.
Katibu ni Mama Elinami,
yuleyule aliyeandika "bati" kwa mkono wake.
Akafungua kitabu, akalamba kidole.
Mkopo wa nini?
Mashine ilikuwa inanguruma.
Nikangoja isimame,
ili nisiseme mara mbili.