Alama

Mashine imekataa tena.
"Pangusa kidole, Bi Mwanarafa," asema Fumo,
naye mama asugua dole gumba kwenye buibui,
abonyeza.
Taa nyekundu.
La kushoto. Cha shahada. Nyekundu.

Miaka hamsini na mitatu mama ashona kofia,
tundu kwa tundu, uzi kwa uzi.
Vichwa vingapi vya Langoni vimeswali Idi
ndani ya ngozi ya vidole vyake?
Sindano imezila alama zote,
ikaacha nyama laini kama kauri.

Bima ya zamani ilikuwa kadi tu.
Niliiweka katika mfuko wa nailoni
pamoja na cheti cha kifo cha baba.
Mama akiipitisha dirishani, akipewa vidonge vya presha,
tukirudi nyumbani jua halijawa kali.
Kisha redio ikatangaza mageuzi.
Kadi zote zikafa usiku mmoja,
na kila mzee akatakiwa kuzaliwa upya
kwa simu.

Simu ikauliza:
Paa lenu ni la nini?
Makuti huku, mabati kule panapovuja.
Choo cha shimo au cha maji?
Mna mifugo mingapi?
Punda mmoja, nikajibu, naye ni wa jirani.
Mtambo ukafikiri,
ukaleta mchango wa mwaka mzima, ulipwe kwa mkupuo:
kofia mbili na ya tatu nusu,
na macho ya mama siku hizi
hayamalizi moja kati ya mfungo na mfungo.

Nikalipa.
Cherehani yangu haipo tena pale ukumbini.
Hajauliza. Sijasema.

Fumo si mtu mbaya.
Ameleta kiti, ameleta maji,
amempigia mkubwa wake, mtandao umekwenda.
"Labda apake mafuta ya nazi.
Labda arudi Jumatatu.
Lazima tuhakikishe, dada,
kwamba yeye ndiye yeye."

Hapo mama akacheka, kwa meno aliyobakiwa nayo.
Akanyoosha mkono juu ya dawati,
akamvua Fumo kofia,
akaipindua, akapapasa upindo
mpaka akalifikia fundo la kijani, dogo kama chembe ya mtama,
ambalo Lamu nzima hakuna mwengine alifungaye.

"Haya," akasema, "soma hii."

Fumo akaligusa fundo.
Akaitazama mashine, akaitazama kofia,
akabaki kichwa wazi.

Dirisha la dawa hufungwa saa saba.