Mengineyo

Miaka ishirini na miwili nimeandika kumbukumbu
za kiwanda cha vizibo cha Quintela na Wajukuu,
kaskazini mwa Ureno, na najua
jinsi ya kumzika mtu angali hai mezani:
unamweka kwenye Mengineyo.

Ukurasa ule nautambua kwa doa la kahawa.
Februari, mvua, jiko la kuni limegoma.
Wanaume sita, binamu kwa binamu,
na picha ya babu ukutani, nusura tumhesabu kwenye akidi.
Deolinda aliketi karibu na mlango.
Baba yake alikuwa amefariki, hisa zikahitaji kiti;
ndivyo alivyoingia, kama koti linalotafutiwa msumari.

Akauliza: vumbi la gome, kwa mwaka tunachoma tani ngapi?
Akatoa mkobani kipande cheusi,
vumbi alilolishindilia kwa mvuke jikoni kwake,
akakiweka katikati ya vikombe.
"Gongeni," akasema. "Hakiitiki."
Belmiro akagonga meza, akacheka,
akauliza kama mchana kuna samaki.
Nami, Graciete, binti wa mvuna gome,
niliyelipwa nisikie,
nikaandika: "Mengineyo. Bi Deolinda aligusia usafi."

Usafi.

Kisha chupa zikaanza kuvaa vifuniko vya bati, vya kusokota.
Oda zikapungua. Zamu ya usiku ikafutwa,
shemeji yangu akiwa mmoja wao.
Anselmo akarudi kutoka maonyesho ya Milano
na kipande cheusi mfukoni: kuta zisizopiga mwangwi,
wazo jipya kabisa, waheshimiwa.
Jina lake nililipigia mistari miwili.
Deolinda aliitazama kalamu yangu, si uso wangu.

Baadaye, nikikusanya vikombe, alisema tu:
"Mwaloni tunaupa miaka tisa ndipo tuuvue gome.
Mimi hapa mlangoni nina kumi na mmoja."

Leo wako watatu.
Matilde, mhandisi, mtoto wa Belmiro mwenyewe;
na Dokta Eufrásia, si wa ukoo,
aliyeletwa na benki pamoja na mkopo na masharti yake.
Hawakupaza sauti. Ajenda namba mbili, Yatokanayo,
Matilde akaniomba nisome Februari ile.
"Ya mwaka gani?"
"Unaujua."

Nikasoma.
Siku hizi ukumbi wetu umevikwa zile mbao nyeusi, kuta zote nne.
Zamani sauti nene ilijirudia mara tatu ikashinda hoja.
Sasa neno hutoka mdomoni likabaki peke yake, kavu.
Nililisikia langu.

Belmiro akakohoa.
Kumbukumbu zikishatiwa saini hazifutwi,
hiyo ni kanuni, na ninaiheshimu.
Lakini marekebisho yana mahali pake:

"Ukurasa wa nne, mstari wa mwisho.
Badala ya 'aligusia usafi', isomeke:
'Bi Deolinda Quintela aliweka mezani bidhaa mpya.
Hakuna aliyeigonga.'"

Aliyependekeza: Matilde.
Aliyeunga mkono:
nikasubiri, kalamu hewani,
mvua tunaiona dirishani lakini hatuisikii,
Deolinda akimenya chungwa, bila haraka,
ganda likishuka kipande kimoja kirefu.

Aliyeunga mkono: Belmiro.
Kwa kidole kimoja, bila kuinua macho.