Alama Hazisomeki

Nilifika Ikombe na sanduku la manjano:
kompyuta, kamera ya jicho moja,
kioo cha kusomea vidole, kidogo kama kipande cha sabuni,
na barua ya wilaya yenye muhuri uliopinda.
Sababu niliyoagizwa niwaeleze: usalama.
Mpaka si mbali, nikasema, na mpaka siku hizi una macho;
kule Kasumulu mlingoti umesimama, hauli, haulali,
unataka kujua nani wetu, nani mpita njia.

Wakacheka. Siyo kwa ubaya.
Mwakibinga wa mashine ya kusaga akasema
Songwe wenyewe ukishiba mvua huhama kitanda;
shemeji yake alilala Malawi
akaamka mpunga wake uko Tanzania,
na hakuna aliyemwomba kidole.

Wa ishirini na tatu katika foleni alikuwa Atupokile,
mfinyanzi, kama mama yake, kama shangazi zake wote,
Mkisi wa mwambao.
Mwaka wa kuzaliwa? "Andika ule wa mafuriko."
Nikakadiria.

Weka dole gumba, mama.
Kioo kikawaka kijani, kikafikiri, kikawa chekundu.
Alama hazisomeki. Jaribu tena.
Nikampangusa kwa kitambaa. Jaribu tena.
Nikampaka mafuta ya mgando. Tena.
Cha shahada, cha kati, cha pete, kile cha mwisho,
kisha mkono wa kushoto, ule usiogusa ugali:
jaribu tena, jaribu tena.

Vilikuwa laini vile vidole,
laini ya kokoto, siyo laini ya shavu la mtoto.
Miaka hamsini ya kuzungusha udongo mbichi,
kusugua kwa gunzi, kwa jiwe, tena kwa gunzi,
kupaka ngeu, kupanga kuni, kufukua majivu;
chungu kikalainika na yeye akalainika,
hata usijue nani alikuwa akimfinyanga mwenzake.

Mashine ina orodha yake ya sababu:
Kimekatwa. Kina jeraha. Hakipo.
Nikatafuta "kimetumika."
Halimo neno hilo.
Nikabonyeza jeraha; ikataka picha ya jeraha.

"Bila namba," akaniuliza, "dirisha la bima
litanijua kwa nini? Na laini ya simu
ambayo mwanangu wa Makambako hunitumia nayo hela?"
Nikasema, ni mfumo, mama. Nikarudia: mfumo.
Neno hili ukishalitamka hakuna wa kulijibu,
ni kama umesema mvua.

Akaondoka. Nikadhani kakasirika.
Akarudi na kigae alichokuwa akinyweshea kuku,
kipande cha chungu chake cha kwanza kabisa.
Kwa ndani, chini ya shingo, pale gunzi lisipofika,
limo dole gumba lake la usichana,
mistari yote, duara ndani ya duara,
imeokwa, haifutiki.
"Mimi huyu hapa. Soma."

Nikakiweka kigae juu ya kioo. Naapa nilikiweka.
Foleni nzima ikanyamaza, hata watoto wa dirishani.
Kioo kikafikiri, safari hii kwa muda mrefu,
halafu kikawa chekundu.
Mwakibinga akasonya kana kwamba timu yake imekosa penalti.

Waliopata namba: themanini na tisa.
Waliokwama: kumi na wanne, wanawake watupu,
na kila mmoja ana udongo chini ya kucha.
Niliandika ripoti kurasa tatu. Wilaya wakajibu
kwamba imepokelewa.

Chungu nilikinunua kwa elfu nne.
Kimekaa chumbani kwangu Soweto, Mbeya, kina maji baridi
kuliko friji ya mwenye nyumba.
Umeme ukikatika hupapasa shingo yake kwa ndani.
Kuna kishimo pale, kidogo.
Kidole changu, chenye namba, hakienei.